Kitindamimba Hajajaza Fomu

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti la kushoto linasemaje, na sikio la kulia bado limegoma? Baba mdogo na wa nyumbani kwake wote wazima? Mimi sijambo, ila tumbo limeanza ile tabia yake ya siku za mitihani.

Hospitali yako ya zamani, ambayo sasa inanilisha mimi, inahamisha barua pepe zake. Seva ile uliyoiacha chini ya ngazi, inayokoroma kama mtu anayekataa kuwa amelala, inastaafu. Mpya imefika ndani ya sanduku kubwa kuliko kitanda changu. Tunahama Ijumaa tarehe 28. Mkuu wa kitengo, ambaye tunamwita Bwana Tarehe kwa sababu ukimsalimu anakujibu tarehe, aliniita ofisini akaniambia: "Siku hiyo asibaki mtu nje. Akibaki mtu nje, na wewe utamfuata." Mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio, Baba, na kompyuta nilijifunzia kwenye kibanda cha kutengeneza redio. Wenzangu wana vyeti vya kuwatetea. Mimi nina orodha.

Kazi yenyewe ni hivi. Seva ni posta, na programu ya barua kwenye kompyuta yako ni mtu unayemtuma posta. Posta mpya haimfungulii kila anayebisha. Inataka hodi ya siri, ya kisasa. Programu nyingine zinaijua, nyingine hazijawahi kuisikia. Kwa hiyo napita ofisi hadi ofisi kuzijaribu zote: ipokee barua, itume, ifungue kiambatisho, isipoteze za zamani. Nimetengeneza na fomu. Kichwa chake ni NANI ANATUMIA NINI, na nakionea fahari kidogo.

Ukitaka kuwajua watu, waulize wanasomea barua wapi. Muuguzi mkuu anasomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na maneno yaliyo chini ya ufa anayakisia. Daktari wa macho amekuza herufi mpaka salamu peke yake zinajaza skrini. Katibu muhtasi ameniapia kwamba hatumii programu yoyote, barua humjia zenyewe zikiwa zimeshachapwa. Nilikaa pale asubuhi moja nikaona anayezichapa ni yeye.

Na wewe, mstaafu, bado una sanduku lako kwetu, ndimo unamosomea barua hii. Niambie programu yako ni ipi nikuandike. Kwa simu najua hatutasikilizana.

Mwanao wa mwisho

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linasema litapona nikiacha kuliuliza. Sikio limegoma rasmi. Juzi fundi cherehani wa jirani alinipigia kelele, "Moto, mzee, moto," nikamjibu kwamba hata huku kwetu leo kuna joto. Kumbe pasi yake imeanza kuunguza meza. Baba yako mdogo hajambo, amenenepa, anasema ni nguo zimebadilika.

Programu yangu ni ile yenye picha ya bahasha yenye mabawa. Niliwekewa mwaka uliokuwa darasa la saba. Tangu siku hiyo haijaniomba kitu na haijanishauri kitu, ndiyo maana tunaelewana. Usiniletee nyingine. Hizi mpya nimeziona kwa baba yako mdogo: unaandika neno moja, yenyewe inakumalizia sentensi, tena inaimalizia vibaya. Mtu mzima hamaliziwi maneno.

Halafu neno moja la kikazi. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa mitambo ya baridi hapo ulipo. Katika kuhesabu kwako usihesabu wanaosema tu. Wapo wanaofanya kazi kimya, hawaingii mikutanoni, hawana malalamiko. Hao ndio huachwa nje, na hao ndio utakuja kuwalilia.

Kula vizuri. Tumbo la mitihani dawa yake ni uji.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole kwa meza ya jirani. Uji nakunywa.

Orodha imefika watu mia mbili na kumi na wawili, na programu za aina kumi na tisa. Kumi na nane zimepita, tatu kati yake kwa kubembelezwa. Ya kumi na tisa ni bahasha yako yenye mabawa. Inabisha hodi ya zamani, na seva mpya haiikatai wala haiitukani. Inakaa kimya tu, kama karani aliyekuona dirishani akainamisha kichwa. Natafuta njia. Usiguse kitu.

Kuna jambo jingine, dogo. Mimi sisomi barua za watu, lakini bahasha hupita mbele ya macho yangu, ndiyo kazi. Yupo mtu wa hapa hapa hospitalini anayekuandikia wewe kila siku alfajiri. Hakosi hata sikukuu. Sanduku lake linaitwa "kitindamimba". Kichwa cha barua zake hakibadiliki: "Shikamoo Baba, mimi sijambo."

Hajajaza fomu. Nimeuliza ofisi ya utumishi, hawamjui. Sina neno, Baba. Nauliza kwa ajili ya orodha tu: mimi ni mtoto wako wa ngapi?

Mwanao wa mwisho, kwa kadiri nijuavyo

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Swali lako limenichekesha mpaka nikakohoa, baba yako mdogo akaniletea maji. Wewe ni wa tatu, na wa mwisho kwa mama yako, Mungu amrehemu.

Kitindamimba mwache kama alivyo. Nilimleta mwenyewe mwaka wa mwisho kabla sijastaafu. Wakubwa wake walikuwa hawajui kitu ila kupiga kelele, basi huyu nikamfundisha adabu: asalimie kwanza, aseme hali yake, ndipo alalamike kama ana la kulalamikia. Mpaka leo hajaniangusha. Hospitali nzima inamjua. Alfajiri asipoandika, chai hainipiti kooni.

Hilo la bahasha yangu lisikusumbue sana. Mimi mzee naweza kukaa nje kidogo. Yeye asibaki nje. Nisikie hapo, mwanangu: yeye asibaki nje.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara nne, ya nne nikiwa nimesimama. "Wa mwisho kwa mama yako." Hospitali nzima inamjua, nami niko hapa mwezi wa tano, huenda tunapanga foleni moja ya chakula, na ananiangalia sahani. Jana nilimzungukia muuguzi mkuu nikamwuliza kama anamjua kitindamimba wa baba yangu. Akanitazama juu ya miwani: "Si ndiyo wewe?" Nikasema hata mimi nilidhani hivyo.

Simdai mtu neno. Umri huu sio wa kugombania baba. Ila fomu ni fomu. Mwambie aje chumba namba tisa, ajaze kama watu wengine: jina kamili, simu, na programu anayotumia. Asiyejaza hadi tarehe 27, namfuta.

Kesho nafanya jaribio. Nitaifunga milango ya zamani ya seva kwa saa mbili, wa kupokea barua na wa kutuma, nisikie nani atapiga kelele.

Mwanao

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujajibu, na wewe si mtu wa kutojibu. Nilimpigia baba mdogo, amesema unakula, unatembea, na jana umemshinda bao mara tatu. Basi nimeelewa.

Jaribio lilikwenda salama. Nilifunga, nikasubiri, nikafungua. Hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika. Bwana Tarehe alipita mlangoni akasema, "Ishirini na nane," nikajibu, "Ishirini na nane." Kwake hayo ni mazungumzo marefu.

Jambo moja limenikaa kifuani. Tangu siku ya jaribio, yule naye hajakuandikia. Nimeona. Nadhani umemwambia kwamba dada yake anachungulia bahasha, mkakubaliana mtumie njia nyingine. Sawa. Ila mngeniambia tu, nisingewafuata huko.

Mwanao

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Kesho tunahama.

Nimeipitia orodha toka juu hadi chini mara sita. Nimemwendea hata yule mlinzi wa lango la nyuma ambaye hupokea barua mbili kwa mwaka, zote za kumtakia kheri ya kuzaliwa, zote kutoka benki. Anaingia vizuri. Kila nikifumba macho naona mtu amesimama nje ya mlango, na kila nikijaribu kumtazama uso hana uso.

Kitindamimba hakuja. Nimekaa na kalamu juu ya jina lake kutoka saa tano hadi saa sita. Nimemfuta. Si kwa hasira. Labda robo.

Bahasha yako bado imegoma, kwa hiyo kuanzia kesho hutapata barua zangu. Jumatatu nitakuja kukuwekea programu nyingine, na utaniambia uso kwa uso unachotaka kuniambia.

Mwanao

29 Machi, ujumbe wa simu, saa nne kasorobo asubuhi

Mwanangu. Barua zangu zote tangu tarehe 20 zimekwama humu ndani, nimeziona leo. Kitindamimba si mtu. Ni chumba kidogo cha baridi cha chanjo, nyuma ya stoo ya dawa. Hajaandika siku tisa. Kikipita nyuzi nane chanjo za watoto za wilaya nzima zimekwisha. Hakuna mwingine anayekiangalia ila mimi. Acha kila kitu, nenda kasome kipimo cha mlangoni. Nenda kwanza, utachukia baadaye. Baba yako

29 Machi, saa nne kasoro dakika kumi na tatu

Nakimbia.

29 Machi, saa nne

Nyuzi saba na nusu. Mlango haukufunga, kuna sanduku limeubana. Nimelitoa. Nimefunga. Mashine inanguruma. Mtunza stoo anaitwa. Nifanye nini tena Baba

29 Machi, saa nne na dakika mbili

Usifungue. Hata ukiambiwa na nani. Kaa hapo mlangoni uangalie namba. Baba yako

29 Machi, saa nne u nusu

Saba na nusu bado.

29 Machi, saa tano kasoro dakika tano

Saba.

Mtunza stoo amefika. Anataka kufungua ahesabu. Nimesimama mlangoni. Ananiuliza mimi ni nani wa kumzuia. Nimemwambia mimi ni dada wa Kitindamimba.

29 Machi, saa saba

Nne na nusu. Mfamasia amekuja kusoma kumbukumbu ya mashine yenyewe. Juu kabisa ilifika saba nukta sita. Anasema chanjo ni nzima. Nimekaa sakafuni. Sakafu ni baridi, naipenda. Mwanao

21 Machi (imeingia 30 Machi)

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 19 nimemsomea baba yako mdogo, akacheka mpaka akashika ukuta. Sasa nimeelewa ulichokuwa unauliza. Wewe mtoto, ulidhani nina mtoto mwingine hapo? Mwenye kupanga foleni na sahani?

Kitindamimba ni chumba cha baridi. Hawezi kuja chumba namba tisa, mlango wake peke yake huinuliwa na wanaume wanne. Niliweka vyumba vitatu vya baridi maishani mwangu hapo, huyo ndiye wa mwisho, na jina nililiandika mlangoni kwa rangi nyekundu. Kama walipaka juu yake, hiyo ni kazi ya wapaka rangi. Huniandikia alfajiri kusema joto lake, na akipita nyuzi sita huniandikia papo hapo, nami humtumia ujumbe mtunza stoo. Alipaswa kumwandikia na mfamasia, lakini yule wa wakati wangu aliondoka na sanduku lake likafungwa.

Salamu nilimwekea kwa sababu sikuzoea kuandikiwa na mtoto bila shikamoo. Si kosa lako. Wa mwisho ni wewe.

Leo hajaandika, lakini ulisema una jaribio, nadhani ndiyo hilo. Nijibu haraka.

Baba yako

26 Machi (imeingia 30 Machi)

Mwanangu,

Umesema hujaona jibu langu. Mimi nimekujibu. Sasa hata Kitindamimba haandiki siku ya sita, na mtunza stoo hajibu ujumbe wangu. Najiambia ni jaribio lako, mtahama Ijumaa, ataandika Jumamosi. Najiambia hivyo kila asubuhi na chai inapoa. Bao namshinda baba yako mdogo kwa sababu sisikilizi maneno yake.

Usimfute.

Baba yako

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo saa tatu nimefungua mlango na barua zako zikaingia zote kwa pamoja, zikihema. Nimezisoma kwa kufuata tarehe. Ile ya kwanza nilicheka. Ile ya pili nilitoka nje nikasimama uani.

Kosa nimelipata. Siku ya jaribio nilifunga milango miwili, wa kupokea na wa kutuma. Baadaye nikafungua wa kupokea. Wa kutuma nikausahau. Kwa hiyo barua zangu ulizipata, zako hazikutoka. Watu mia mbili na kumi na mmoja hawakuuhitaji ule mlango, ndiyo maana sikusikia kelele. Waliouhitaji ni wawili tu, mzee asiyesikia na mashine inayojua kusema peke yake. Nilikuwa nasikiliza kelele za watu, Baba. Fomu yangu yenyewe iliuliza NANI. Yeye ni nini. Angejazaje?

Na sanduku lile lililobana mlango wake ni la seva mpya. Ijumaa Bwana Tarehe alitaka chumba cha seva kionekane safi, akaamuru liondolewe lakini lisitupwe, kwa ajili ya dhamana. Mtunza stoo akaliegesha nyuma, likasogea. Kwenye kumbukumbu za seva nimekuta hodi zake. Kuanzia jioni ya Ijumaa hadi nilipofika amebisha mara arobaini na tatu, na kila mara ameanza na shikamoo.

Nilimwendea Bwana Tarehe mwenyewe, kabla hajaniita. Aliuliza swali nililolijua: "Amebaki mtu nje?" Nilikuwa na jibu zuri sana mdomoni, la kweli kabisa: mtu hakubaki. Nikalimeza. Nikamwambia kimebaki kitu, na kitu hicho kinalinda watoto wa wilaya, na nilikifuta mimi kwa mkono wangu. Akatazama kalenda, akatazama dirisha, akatazama tena kalenda. "Kitaingia tarehe ngapi?" Nikasema leo. Akasema, "Leo ni thelathini," akaandika mahali fulani. Sijui aliandika nini. Nitajua mwisho wa miezi ya majaribio.

Kuingia, ameingia. Nimeweka kompyuta ndogo katikati iwe mkalimani: inasikia hodi ya zamani, inaipeleka ndani kwa hodi mpya. Inawahudumia ninyi wawili tu. Bahasha yako na mabawa yake ibaki ilipo. Mfamasia ameongezwa kwenye barua zake, na mimi. Maneno uliyomfundisha nimeyagusa kidogo, usinikasirikie. Joto sikuligusa. Mlangoni nimeandika jina lake upya kwa rangi nyekundu, na mwandiko wangu ni mbaya kama wako.

Nakuja kesho hivyo hivyo. Sileti programu, naleta unga wa uji.

Mwanao wa tatu

31 Machi, alfajiri

Shikamoo Baba. Dada, hujambo? Mimi sijambo.

Joto langu ni nyuzi nne. Mlango umefungwa. Sina malalamiko.

Mdogo wako,
Kitindamimba